Mmea Usiosumbua Mtu

12 Januari

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu kutoka ghorofa ya tatu. Mimi mzima, cherehani nzima, na Mama mzima pia, anakula vizuri. Ukiona mwandiko umepinda ujue naandikia juu ya meza ya kukatia nguo, na nusu ya meza imelaliwa na suruali nane za sare za walinzi zinazotakiwa Ijumaa. Bomba la chini uani limeanza tena visa vyake. Maji yanatoka asubuhi mpaka saa mbili, baada ya hapo ni hewa tu, kwa hiyo najaza pipa na ndoo zote kabla sijaonja chai. Jirani wa ghorofa ya pili, yule anayeuza vyombo vya plastiki, anakusalimia sana.

Kuna jambo dogo nataka unisaidie, kwa kuwa ndiyo kazi yako. Maua ya Mama ya kwenye varanda yamekufa yote, hata yale aliyokuja nayo tulipohamia hapa, wewe ukiwa darasa la pili. Nataka nimwekee mmea mmoja au miwili ndani, kwenye dirisha la sebuleni, apate kitu cha kutazama wakati mimi nashona. Ila unichagulie usiosumbua. Nina shughuli za kutosha, sitaki kiumbe kingine humu ndani cha kunifanya nijiulize kama kimeshakula.

Na likizo yako je? Mama anauliza kila jioni Kitinda anakuja lini. Namjibu karibu. Huu ni mwaka wa nne namjibu karibu.

Dada yako


2 Februari

Dada, shikamoo,

Na Mama mpe shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako. Mimi sijambo. Baridi ya asubuhi inanitesa kidogo, vinginevyo maisha yanakwenda.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za ofisi za watu, nikacheka peke yangu. Nazunguka majengo kumi na moja kwa wiki na ndoo yangu na kitambaa, nafuta vumbi majani ya mimea ambayo kampuni yetu imewakodisha mabosi, nazoa mabaki ya kahawa waliyomwaga kwenye vyungu, halafu leo dada yangu ananiuliza mimi kuhusu mmea usiosumbua. Hata hao mabosi hawataki mwingine ila huo.

Basi sikiliza. Wa kwanza ni ule wenye majani marefu, magumu, yaliyosimama wima na mistari ya manjano pembeni. Kazini tunamwita Askari. Mnyweshe mara moja kwa wiki mbili, na ukimsahau mwezi mzima hatakununia. Halafu kuna tunayemwita Mvivu, majani manene yanayong'aa, mizizi yake ina vifundo vinavyoweka maji ndani. Huyo hata kukua anakua akitaka mwenyewe. Mshubiri unaujua, lakini unataka dirisha lenye jua, na dirisha lenu limezibwa na lile jengo la mbele. Mtambaazi ni mzuri wa kutazama, ila utaukata kila mwezi, nawe umesema hutaki kazi.

Mimi nimekuchagulia Askari. Nimempa yule dereva wa lori la vitambaa anayepita huko kila mwezi, atakuletea mpaka mlangoni. Mwambie Mama huyo ndiye mimi. Amweke dirishani, amtunze mpaka nitakapokuja mwenyewe.

Likizo bado. Msimamizi amesema mwaka huu hakuna atakayetoka kabla ya Desemba, watu ni wachache. Na usinihesabie miaka, Dada, najua kuhesabu.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi salama. Sare za walinzi zimekwisha, sasa nashona mashuka ya zahanati. Kile kibanda changu cha sokoni nilikwisha kukifunga, cherehani iko hapa nyumbani. Ni rahisi zaidi hivi, usiulize.

Askari alifika mzima. Mama alifurahi kuliko nilivyotegemea. Nilimwambia kama ulivyosema, kwamba huyo ndiye wewe, akamtazama muda mrefu, akamfuta majani kwa upindo wa gauni lake. Halafu akasema, "Amekonda." Tukacheka wote wawili mpaka nikaacha kushona. Ilikuwa siku nzuri, nakuandikia ujue kwamba tulikuwa nayo.

Sasa amekufa. Wiki tano tu. Majani yaligeuka manjano, yakalegea, na nilipovuta moja likatoka lote na kipande cha shina, limeoza chini na linanuka. Nadhani ulituletea mgonjwa. Nimemficha nyuma ya mlango wa bafu, na Mama nimemwambia nimempeleka kubadilishiwa chungu. Tuma mwingine anayefanana naye, haraka, na safari hii uchague aliye hai kwelikweli.

Hukuniambia kama umejaribu kumbembeleza huyo msimamizi.

Dada yako


15 Mei

Dada, shikamoo, na shikamoo nyingine kwa kuchelewa,

Najua nimechelewa. Tumepewa jengo jipya la watu wa bima, ghorofa tisa, mimea mia mbili, na wafanyakazi ni walewale. Miguu imevimba. Mama hajambo? Anasema nini kuhusu mimi?

Askari wangu hakuwa mgonjwa. Mmea ule haufi hivihivi, unauawa, na wanaouua wanatumia silaha moja tu, maji. Ulimzamisha. Nakujua vizuri, mkono wako hautulii, ukipita karibu na kitu lazima ukifanyie jambo. Wa kwangu, aliye chumbani kwangu, nilimwacha wiki tatu mwezi wa nne, dirisha limefungwa, hakuna aliyempa hata tone. Niliporudi nilimkuta amesimama vilevile, hakuna jani lililokunjika. Ndiyo maana nakuambia usimguse. Kila wiki tia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, ondoka, kashone.

Nimempa dereva Askari mwingine anayefanana na yule. Mwambie Mama chungu kimebadilishwa.

Msimamizi habembelezeki.

Mdogo wako


6 Julai

Kitinda,

Tu wazima. Mama anakula. Dereva alifika, Mama akamtambua Askari mara moja, yaani akakutambua wewe, akasema umenenepa huko ulikokuwa.

Huyo naye ameoza. Kidole nilitia, si kila wiki, kila siku, na kila siku kilitoka na matope. Mimi sikumpa hata kikombe kimoja cha maji. Uamini usiamini, shauri yako.

Sasa nami nina langu. Umeandika kwamba mwezi wa nne ulikuwa mbali na chumba chako wiki tatu. Februari uliniandikia kwamba hakuna atakayetoka kabla ya Desemba. Barua zote mbili ziko mbele yangu, nimezikandamiza kwa mkasi. Nimezitazama wiki kadhaa nikisema labda nimesoma vibaya. Sikusoma vibaya. Wiki tatu, Kitinda. Ulikuwa wapi?

Mama nilimsomea mpaka kwenye jengo la bima, nikakunja karatasi. Aliniuliza mbona barua ni fupi.

Na kama kuna mmea unaoweza kunyweshwa mara sita kwa siku na usife, nitajie. Kama haupo, tuachane na mimea, tuzungumze mengine, ikiwa tunayo.

Dada yako


29 Julai

Dada, shikamoo,

Hasira yako niliiona kabla sijafungua bahasha. Anwani yangu umeiandika mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Wiki tatu zile nilikuwa na shughuli zangu. Nina miaka thelathini na mmoja, naweza kuwa na wiki tatu bila kuziombea ruhusa kwako. Tena kama ni kukumbushana, nami nakumbuka. Siku naondoka ulisimama mlangoni, Mama anasikia, ukaniambia, "Nenda tu, mimi peke yangu namtosha." Hukusema kwa upole. Nililibeba neno hilo mpaka huku, na kila ninapofikiria kurudi nalikuta limekaa juu ya sanduku.

Mara sita kwa siku? Nani anamwagilia mara sita kwa siku? Huko si kutunza, ni kuadhibu.

Nimekutumia wa plastiki. Umetengenezwa vizuri, hata kwenye mapokezi ya hoteli wanauweka, mtu akipita haraka hajui. Hautaki maji, hautaki mwanga, hautaki moyo wa mtu. Huo hata wewe huwezi kuuua.

Nisalimie Mama.

Mdogo wako


20 Agosti

Kitinda,

Leo salamu zitakuja mwisho, kama zitabaki.

Anayemwagilia ni Mama.

Askari wote wawili wamekufa hivi: anainuka, anachota kikombe kwenye pipa, anamnywesha Askari, anakirudisha kikombe, anakaa. Kabla sijamaliza mguu mmoja wa suruali anainuka tena. "Kitinda hajanywa maji leo." Namwambia amekunywa, Mama, sasa hivi. Ananitazama kama mtu anayenyimwa chakula cha mtoto wake. Nikimshika mkono analia. Basi nikaacha kumshika. Nakaa na cherehani yangu nasikia maji yanavyoingia kwenye udongo, maji niliyoyapandisha ngazi mimi mwenyewe. Maua ya varanda yalikufa hivyohivyo.

Ilianza mwaka juzi kwa vitu vidogo. Chumvi mara mbili. Habari moja mara tatu kabla ya mchana. Mwaka jana nilirudi kutoka sokoni nikakuta mlango uko wazi. Alikuwa amekwenda kusimama kwenye lango la shule yako ya msingi, kukusubiri utoke. Mlinzi wa pale ndiye aliyemrudisha, na Mama alikuwa amekuchukulia sweta. Ndiyo wiki niliyofunga kibanda. Daktari alitaja jina la ugonjwa, nikamwomba asilirudie mbele yake. Amesema hakuna kurudi nyuma, na kwamba nyuso za watu zitamtoka mmoja mmoja, na hajui upi utaanza.

Sikukuambia kwa sababu aliniapisha. Ilikuwa siku ambayo akili yake imetulia kabisa, akanishika kifundo cha mkono akasema, "Mdogo wako asijue. Akijua atakuja kwa huruma, na mimi nataka aje kwa hamu." Nikala kiapo. Na kwa kuwa leo tunasema kweli, nilikuwa na sababu yangu pia. Nilisema namtosha. Nilitaka iwe kweli. Nilikuwa radhi nife juu ya hii cherehani kuliko kukuandikia kwamba simtoshi.

Plastiki yako ilifika. Hiyo nayo anainywesha. Chungu chake hakina tundu, maji yanafurika mpaka sakafuni, na Jumatatu aliteleza akapiga goti. Limevimba, hawezi kulikunja. Ulitaka kunichoma mimi, ukamwangusha yeye. Nimeitupa jalalani kwa mkono wangu, na kila saa ananiuliza nimekupeleka wapi.

Njoo. Sikuombi, nakuambia. Ile picha yako ya sare ya shule bado akiiona anasema huyu Kitinda wangu. Njoo kabla picha nayo haijamtoka. Wiki tatu unajua kuzipata, nimeona.

Salamu.

Dada yako


11 Septemba

Dada yangu, shikamoo,

Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha ndoo na mafagio, mlango nimeufunga kwa ndani. Nimeisoma mara nne. Nakuja. Tiketi nimekata, nafika Jumamosi ya pili ya Oktoba, nitakaa wiki mbili. Msimamizi nilimwambia nataka ruhusa, akanipa palepale. Ndiyo, palepale. Haya, umejua na hilo.

Kuhusu wiki tatu. Kuna mtu, fundi wa lifti, tuko pamoja mwaka wa pili sasa. Mwezi wa nne mama yake alivunjika nyonga. Kwao hakuna binti. Nikaenda kumuuguza. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza kitandani asipate vidonda, na watu wa nyumba ile wakasema huyu mtoto amelelewa. Nilifurahi, Dada. Nilirudi chumbani kwangu nimejaa sifa. Kwa yule mama nilikuwa mgeni, kila nililofanya lilikuwa ziada. Kwetu, lolote ambalo ningefanya, ningekuwa nimechelewa. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine niliyoificha nyuma yake. Sikuombi unisamehe kwenye karatasi.

Uliniuliza mmea unaonyweshwa mara sita kwa siku. Nilidhani unanikejeli, kumbe ulikuwa unauliza. Upo. Ni wa jamii ya mafunjo, mabua membamba, juu majani yametandazwa kama mwavuli. Haukai kando ya maji, unakaa ndani yake. Uweke kwenye beseni, maji yafunike udongo, na Mama amwage anavyotaka. Huo hauzami. Kazini hatuutumii kwa sababu unataka mtu wa kila siku, na maofisini hakuna mtu wa kila siku. Ungeniambia kweli Januari, ningekujibu Februari.

Nitakuja nao mkononi. Mwambie Mama nakuja. Mwambie nina hamu.

Mdogo wako


2 Novemba

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na miguu haijavimba. Mimi mzima. Goti la Mama limepona, anatembea. Walinzi wameniletea tena sare zao, safari hii makoti. Bomba bado lina visa vyake.

Ulikaa siku nne. Uliniambia umekumbuka zamu, nami nikakusaidia kufunga sanduku, sikukubishia. Njia nzima mpaka kituoni ulizungumza habari za nauli na mvua. Kwa hiyo naandika yaliyotokea, maana sitaki baadaye tujifanye hayakutokea.

Uliingia na beseni mkononi. Mama aliinuka, akakukaribisha vizuri, akakuuliza kama umekuja kupimwa gauni. Ukamwambia, "Mama, ni mimi, Kitinda." Akacheka kwa adabu, anavyowachekea wateja wangu. Nilidhani ni uchovu wa siku ile. Nilikuletea ile picha ya sare uishike karibu na uso wako, akaitazama, akakutazama, akaniambia niirudishe mahali pake isije ikachafuka. Siku ya tatu ukapiga magoti mbele ya kiti chake ukamshika mikono. Akaitoa taratibu, bila hasira, akakuonyesha mafunjo yako pale dirishani.

"Kitinda ni yule," alisema. "Hana maneno mengi, lakini tangu aje hajanikimbia."

Ukatoka kwenda kukaa kwenye ngazi. Mama akaniuliza yule mgeni anaumwa nini.

Nilikuwa na maneno, Kitinda. Nilikuwa nimeyapanga tangu Julai, na mengine ya miaka yote minne, nikupe yote ukifika. Nilikukuta kwenye ngazi umejifunika uso kwa kile kitambaa chako cha kufutia majani, nikakaa daraja la juu yako. Mama alikuwa amekwisha kuyasema yeye, tena bila kujua.

Ila nisingependa ufikiri kwamba ni mimi niliyemtia neno hilo kinywani. Uliliandika mwenyewe Februari, kwa mzaha. Mwambie huyo ndiye mimi, amtunze mpaka nitakapokuja. Nilimwambia. Akakuamini, akatunza. Mimi na kiapo changu tulikaa pembeni tukitazama, na hapo nina langu la kujibu, nalijibu kila siku nikipandisha ndoo.

Chaguo lako safari hii lilikuwa zuri. Mafunjo yametoa mabua matano mapya. Mama anainuka, anamwaga, anakaa, anainuka, anamwaga, na beseni linapokea yote. Jioni nachota yaliyozidi, nafulia matambara, na sakafu ni kavu. Hakuna anayelia.

Kuna kitu kimoja tu kimebadilika. Miaka minne, kila jioni, aliniuliza Kitinda anakuja lini. Nililichukia swali lile kuliko ngazi. Tangu uondoke hajaliuliza hata mara moja. Jioni ikifika anasogeza kiti dirishani, karibu na beseni. Juzi nilishindwa, nikazima taa ya cherehani, nikamuuliza mimi.

"Mama, Kitinda anakuja lini?"

Akageuka akanishangaa.

"Si huyu hapa?"

Usitume mmea mwingine. Huyu ametosha.

Dada yako